Kobe, Bata, Sungura na CD ya Marehemu Sengoku

Jumatatu, 24 Julai

Nimepewa kazi. Yangu peke yangu, ya kwanza tangu niajiriwe Aprili.

Ofisi ya mji imenunua spika mpya za uwanjani. Nzuri, kubwa, nyeusi. Hazina mahali pa kutia CD. Zinasoma flashi tu. Na wimbo wa ngoma ya Obon, ule tunaoucheza hapa Mizunashi kila Agosti marehemu wetu wanaporudi kututembelea, uko kwenye CD. Moja. Zilikuwa mia mbili, lakini mto ulipofurika ghala likajaa maji, ikabaki hiyo.

Mkuu wa kitengo, Bwana Urushibara, alinikabidhi ndani ya bahasha, kwa mikono miwili, kama anayenikabidhi majivu ya mtu. Akasema nichague programu ya kuhamishia wimbo kwenye kompyuta, niandike ombi, lizunguke lipate mihuri. Ngoma ni tarehe 14 Agosti. Akaongeza kwa upole kwamba tarehe hiyo haisogezwi, maana marehemu hawapokei barua za kuahirisha.

Niko kwenye majaribio hadi mwisho wa Septemba. Baada ya hapo ama nathibitishwa kazini, ama narudi kwa mama kumweleza.

Chinatsu Isurugi alisikia yote. Tuliajiriwa siku moja, na meza yake inatazamana na yangu. Akasema ana laptopu kwenye begi, ina tundu la CD, dakika tano tu, halafu twende tukale. Nikamweleza kwamba mali ya ofisi haiingizwi kwenye mashine ya mtu binafsi. Kanuni ya kumi na nne. Akauliza kama nilizaliwa hivi au nilisomea.

Saa tisa alasiri akaja Bibi Sengoku, mwenyekiti wa wacheza ngoma. Umri themanini na moja, mgongo umenyooka kuliko wangu. Kumbe anayeimba kwenye ile CD ni marehemu mumewe! Hakuna aliyeniambia. Alinitazama, akaitazama bahasha.

"Mwanangu," akasema, "yeye huja mara moja kwa mwaka, kwa dakika nne. Asipoisikia sauti yake pale uwanjani, atajuaje kwamba amefika kwetu?"

Nikajibu kwamba suala hilo litashughulikiwa ipasavyo. Ndivyo tunavyomjibu kila mtu, hata anayelalamikia mifereji. Akasema kuna mkwaruzo kidogo kwenye ubeti wa pili, sauti inakwama mara tatu. Nikamwahidi kwamba tutauponya mkwaruzo huo kabisa. Alifungua mdomo aseme jambo, lakini nilikuwa nimeshainama kumuaga. Nikiinama huwa nakaa huko chini muda mrefu. Nilipoinuka hakuwepo.

Jumanne, 25 Julai

Nimeipata! Programu yenye picha ya kobe. Nitaiita Kobe.

Kobe haina haraka. Inasoma kila sehemu ya CD mara mbili, na majibu yakitofautiana inarudia hata mara themanini hadi yakubaliane. Mwishoni inatoa ripoti ya kurasa tatu ikikiri kila sehemu iliyoitilia shaka. Ripoti! Niliisoma ya mfano wakati wa chakula cha mchana, wali ukapoa. Sijawahi kukutana na kitu kinachofanana na moyo wangu kiasi hiki.

Tatizo: hatuwezi kuomba programu moja. Lazima kuwe na jedwali la ulinganisho, angalau tatu, zenye alama. Duara maradufu kwa bora, duara kwa nzuri, pembetatu kwa ya kubahatisha, kosa kwa mbaya. Wakubwa watazame, wachague wenyewe.

Basi wakubwa watachagua. Lakini nitakayepanga ni mimi.

Mpango: Kobe juu kabisa, na chini yake washindani wawili dhaifu wa kuipamba. Nimetumia mchana wote kutafuta programu mbovu. Kazi ngumu kuliko unavyodhani, kila moja inajisifu.

Wa kwanza ni Sungura. Inamaliza CD nzima kwa dakika moja. Penye mkwaruzo inaruka tu, haisemi kitu. Huyu nimemweka chini.

Wa pili ni Bata. Ni toleo la kujaribia. Muonekano wa kupendeza, vitufe vya mviringo. Kasoro yake ni kwamba kila baada ya sekunde thelathini, ndani ya wimbo, anaingia mwanamke anayekukumbusha kujisajili. Nilicheka peke yangu kwenye stoo. Hawezi kushinda huyu. Nimemweka katikati, na kasoro yake nimeiandika ukurasa wa saba, kwa uaminifu, chini.

Ijumaa, 28 Julai

Kabla ombi halijazunguka ni lazima kulainisha njia. Nimepita meza hadi meza nikiwa na biskuti za mchele, nikiwaeleza wakubwa mmoja mmoja. Wako saba wenye mihuri. Wote walisema naam, naam. Mmoja alisema naam mara nne. Nimehesabu hilo kuwa ushindi.

Mchana Isurugi aliniuliza jambo la ajabu. Jumapili ni siku ya kula mkunga, yule samaki wa kuchomwa anayelazwa juu ya wali, na watu wa ofisi tunaagiza pamoja kutoka ule mkahawa wa karibu na stesheni. Pale kuna daraja tatu: Msonobari ya juu, Mwanzi ya kati, Plamu ya chini. Akaniuliza mimi huagiza ipi.

Nikasema Mwanzi, ipi tena? Ukiagiza Msonobari unajionyesha. Ukiagiza Plamu unaonekana bahili. Mtu wa heshima anaagiza ya kati.

Akauliza Bwana Urushibara huagiza ipi. Mwanzi. Na naibu wake? Mwanzi. Na mkuu wa fedha? Mwanzi, ofisi nzima Mwanzi, kwani yeye ni mgeni hapa?

Akaniuliza kama bado naliacha jedwali langu jinsi lilivyo. Nikasema limekamilika, sigusi hata nukta. Halafu akasema, "Haya, Nebashi. Mungu akujalie." Sijui alikuwa na maana gani. Pengine ni joto.

Jumatatu, 31 Julai

Siku ya mihuri. Niandike haya ningali na nguvu.

Ombi lina visanduku vinane. Cha kulia kabisa ni changu, na wakubwa wanapanda kuelekea kushoto. Muhuri wa mdogo haupigwi wima. Unapigwa umeegemea kushoto kidogo, kama mtu anayewainamia wakubwa zake. Kila mtu anajua. Lakini kuinama kiasi gani? Hakuna kanuni. Nimetafuta.

Nilifanya mazoezi kwenye karatasi chakavu dakika arobaini. Kuegemea kidogo kulionekana ujeuri. Kuegemea sana kulionekana ulevi. Nikapata pembe nzuri, nikavuta pumzi, nikapiga. Kichwa chini, miguu juu! Jina langu lote limesimama kwa kichwa, mbele ya visanduku saba vitupu.

Nikachapa upya kurasa kumi na moja. Nikapiga tena. Safari hii niliinama sawasawa.

Isurugi alipita na chai yake. "We Nebashi," akasema, "unatafuta programu au mchumba? Maana hata posa haina mihuri mingi hivi." Akasema laptopu yake bado iko kwenye begi. Nikasema kanuni ya kumi na nne bado iko kwenye kitabu.

Saa kumi ombi likaondoka mezani kwangu ndani ya jalada la bluu. Nililisindikiza kwa macho hadi kwenye kona.

Alhamisi, 3 Agosti

Limerudi. Mihuri saba, yote mizuri, yote myekundu.

Wamechagua Bata.

Nimesoma mara tatu. Kisha, kama Kobe, nimerudia karibu mara themanini, na majibu yanakubaliana. Bata.

Bwana Urushibara aliniita mezani kwake. Uso wake ulikuwa na furaha. Akaeleza kwamba Kobe ni kubwa mno kwa wimbo mmoja, watu watauliza ofisi inajiona nani. Sungura nayo itaonekana kama hatujali. Bata ndiyo saizi yetu. Akasema wakubwa wote saba waliona hivyo, na haikuhitaji hata kikao, jambo ambalo ni nadra. Jedwali langu liliwarahisishia sana.

"Umepanga vizuri, Nebashi," akasema. "Nitalikumbuka hili mwezi wa tisa."

Nikasema ahsante. Nikainama. Nikakaa huko chini muda mrefu nikijiuliza kwa nini nimesema ahsante.

Hakuna aliyefika ukurasa wa saba.

Ijumaa, 4 Agosti

Watu wa kompyuta wa ghorofa ya tatu wameweka Bata kwenye ile mashine ya stoo, ndiyo pekee yenye tundu la CD. Wamesema wazi kwamba hakuna programu nyingine itakayoingia pasipo ombi lenye mihuri. Nikawauliza kuhusu Kobe, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Wakasema ombi.

Nikahamisha wimbo. Nikaweka vipokea sauti masikioni.

Ngoma. Filimbi. Halafu sauti ya Marehemu Sengoku, nene, iliyokauka kidogo, ya mtu aliyekuwa akiimba huku akitabasamu. Anaimba juu ya daraja la mji wetu na watu wanaolivuka kurudi nyumbani. Nilisahau kwamba niko kazini.

Sekunde ya thelathini: "Ahsante kwa kujaribu Bata. Kwa burudani isiyokatizwa, tafadhali jisajili."

Sauti safi, changamfu, ya mwanamke aliyelala vizuri. Mara nane katika dakika nne!

Nilikwenda kwa Bwana Urushibara kukiri. Nilikuwa nimeiandaa sentensi. Kabla sijaifungua akanijulisha kwamba amemwambia meya jinsi kazi ilivyokwenda vizuri. Meya akafurahi. Nikauliza, kwa jumla tu, kwa ajili ya kujifunza, ikiwa mtu angetaka kujisajili au kubadilisha programu ingekuwaje. Akasema ni ombi jipya, jedwali jipya, na wawili kati ya wenye mihuri wanaanza likizo kesho hadi Obon ipite.

Nikasema ahsante.

Isurugi aliposikia alilaza kichwa mezani. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alipomaliza akafungua zipu ya begi, akaitoa laptopu, akaiweka katikati ya meza zetu. Nikairudisha upande wake kwa kidole kimoja.

Jumanne, 8 Agosti

Nina mpango. Ni mzuri. Nauandika asubuhi ili kumbukumbu ionyeshe kwamba niliuamini.

Bwana Urushibara ana kigari cheupe cha miaka kumi na minane. Kina kicheza CD. Nitatia CD ndani ya gari, nitaushika mdomo wa simu yangu karibu na spika, nitaurekodi wimbo ukiwa safi. Kanuni ya kumi na nne inasema mali ya ofisi isiingizwe kwenye mashine binafsi. Gari ni mashine binafsi, kweli, lakini ni ya mkubwa. Na simu yangu haitaunganishwa na chochote. Kitakachoigusa ni hewa. Hewa si mali ya ofisi.

Alasiri.

Nimeomba kumwoshea gari. Akashangaa, akanipa ufunguo. Isurugi aliniona nikibeba ndoo. "Siku hizi unaosha magari ya wakubwa?" akauliza. "Kuthibitishwa kumekuwa ghali hivyo?" Nikajifanya sisikii.

Jaribio la kwanza: nyenze. Miti ya maegesho imejaa nyenze, wanapiga kelele utafikiri wanalipwa. Kwenye simu Marehemu Sengoku anasikika kama anayeimba ndani ya kikaango.

Jaribio la pili: madirisha yamefungwa, kipoza hewa kimezimwa kwa sababu kinavuma. Nje nyuzi thelathini na sita. Ndani sikuthubutu kujua. Ubeti wa kwanza safi! Wa pili safi, ule mkwaruzo wenye kukwama mara tatu, sawa, siyo kosa langu. Ubeti wa tatu ikalia king'ora cha saa sita ya mchana.

Jaribio la tatu: nilikuwa nimefumba macho ili jasho lisiingie. Zimebaki sekunde ishirini. Mtu akagonga kioo. Kwenye rekodi inasikika vizuri kabisa, juu ya filimbi ya mwisho, sauti ya Bwana Urushibara: "Nebashi. Uko hai?"

Nikasema niko hai. Nikabonyeza kitufe cha kutoa CD ili niondoke na heshima iliyobaki. Kicheza CD kikatoa mlio kama mtu anatafuna biskuti ya mchele. Halafu kimya.

CD haikutoka. Nimebonyeza mara themanini.

Jumatano, 9 Agosti

Fundi amefunga hadi tarehe 17 kwa ajili ya Obon. Fundi wa mji wa pili naye pia. Hakuna fundi hata mmoja katika mkoa huu asiye na wafu wake.

Bwana Urushibara hakukasirika. Hilo ndilo baya zaidi. Alisema mambo hutokea. Kisha akaeleza, kama anayeomba radhi, kwamba sasa kile kicheza CD hakizimiki. Ukiwasha gari, wimbo unaanza mwanzo. Ameusikiliza akienda nyumbani, akija kazini, na akienda kununua dawa ya mbu. Mkewe ameshajua beti mbili. Kuomba kuliosha tena ili nirekodi, sikuthubutu.

Kwa hiyo hali ni hii: CD pekee iko tumboni mwa gari la mkuu wangu. Wimbo pekee ulio kwenye flashi una mwanamke ndani yake. Zimebaki siku tano.

Isurugi hakuitoa laptopu leo. Alisema hata angetaka kusaidia, angetia nini humo, gari?

Bibi Sengoku alipiga simu kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilisikia jinsi alivyokuwa akipumua, akingoja. Nikasema suala linashughulikiwa ipasavyo.

Jumapili, 13 Agosti

Mpango mpya. Huu hauna gari.

Spika mpya zina kitufe cha kuzungusha sauti. Nitasimama nyuma ya jukwaa na saa ya kuhesabu sekunde. Sekunde ya thelathini ikikaribia, nashusha sauti. Mwanamke anasema maneno yake kimyakimya. Napandisha. Watu watadhani ni upepo.

Nimefanya mazoezi peke yangu uwanjani tangu asubuhi, huku wengine wakitundika taa za karatasi. Mara kumi na moja. Nimefaulu tisa. Mbili za kwanza sizihesabu, nilikuwa sijazoea.

Isurugi alipita akiwa na ngazi begani. Alitazama jaribio zima. Halafu akaniuliza, kwa sauti ambayo hajawahi kunitumia, kwa nini nisimwambie tu Bibi wa watu. Nikamwambia ni kwa sababu ombi limeshapitishwa. Akasema hakuuliza kuhusu ombi.

"Unamwogopa nani hasa, Nebashi?"

Nilifikiria. Orodha ilikuwa ndefu, nikashindwa nianzie wapi. Akaondoka na ngazi yake.

Jumatatu, 14 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jukwaa. Viatu vimejaa vumbi.

Saa moja jioni watu mia mbili walikuwa wamezunguka jukwaa la mbao, wamevaa yukata, yale mavazi mepesi ya kiangazi, pepeo za karatasi kiunoni. Meya yupo. Wakubwa wapo wote, isipokuwa wale wawili wa likizo. Bibi Sengoku yuko mstari wa mbele, yukata ya bluu iliyokolea, mikono tayari juu. Aliniashiria kwa kichwa. Nami nikamwashiria. Jasho likaniingia jichoni.

Nilitakiwa kuwasha saa yangu wimbo unapoanza. Mpiga ngoma alipoishukia ngoma ile kubwa ya kweli, nyuma ya sikio langu, niliruka. Saa ikaniponyoka. Nikaiokota, nikaiwasha. Sekunde nne nyuma. Labda tano.

Basi kila kitu kikawa kinyume. Mwanamke akaja sauti ikiwa juu kabisa, juu ya taa, juu ya mto, mlimani akarudi kama mwangwi: ahsante kwa kujaribu Bata. Nikashtuka, nikashusha. Nikamshusha Marehemu Sengoku. Nikapandisha. Sekunde ya sitini, mwanamke tena, mbichi kabisa. Nikashusha. Sengoku kimya. Watu walianza kugongana. Watoto wakaanza kumwigiza. Meya aliinama sikioni mwa mtu.

Mara ya tatu nikazima kila kitu.

Bibi Sengoku alikuwa bado amesimama na mikono juu, upepeo mkononi, uso kwenye zile spika nyeusi.

"Mume wangu alizoea kukatizwa akiimba," akasema. "Ila kazi hiyo ilikuwa yangu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mikono haikushuka. Nikaelewa kwamba hatashusha, kwa sababu alikuwa bado anazidai dakika zake nne, na zilikuwa zinakatika, na ni mimi niliyekuwa nimezishika.

Nilitoka nyuma ya jukwaa. Miguu ilienda yenyewe. Nikamwambia Bibi, wimbo upo, ni mzima, lakini umekwama ndani ya gari la Bwana Urushibara, na nilijua tangu Jumanne. Sentensi nzima. Sikuinama, nilisahau.

Kabla hajajibu, Isurugi alikuwa ameshamgeukia Bwana Urushibara. "Mkuu, gari liko wapi?"

Nikasema gari halimo kwenye ombi.

"Nebashi, nyamaza," akasema Bwana Urushibara. Ni mara ya kwanza ananiambia hivyo. Akatoa ufunguo.

Kigari cheupe kiliingia uwanjani polepole, taa zimezimwa, watu wakikipisha kama kikombe kilichojaa chai. Akakiegesha chini ya jukwaa. Isurugi akafungua milango yote minne na buti. Bwana Urushibara akazima injini, akawasha tena. Filimbi ikaanza.

Spika za gari ni ndogo. Ili marehemu asikike, ilibidi kila mtu anyamaze. Mpiga ngoma akaacha mapigo, akawa anagonga ukingo wa ngoma kwa ncha ya kijiti. Watu mia mbili wakacheza pasipo neno, ndala zikikwaruza vumbi, wakilizunguka gari la miaka kumi na minane. Na katikati yake mtu aliyekufa akiimba huku akitabasamu.

Kwenye ubeti wa pili ukafika mkwaruzo. Sauti ikakwama: vuka, vuka, vuka. Nikafumba macho kwa aibu. Nilipofumbua, watu wote, wazee kwa watoto, walikuwa wanarudi nyuma. Hatua moja, ya pili, ya tatu, pamoja, mikono imenyooshwa kuelekea daraja. Halafu wimbo ukajinasua, nao wakasonga mbele.

Baadaye Bibi Sengoku alikuja kukaa hapa kwenye ngazi, akajipepea. Akasema wamecheza hivyo miaka tisa, tangu mkwaruzo uingie.

"Pale anapokwama ndipo tunapomngoja," akasema. "Ungepaponya, mwanangu, angetupita."

Akanipigapiga gotini kwa upepeo. Hata lile jibu la ipasavyo halikuja kinywani.

Alhamisi, 17 Agosti

Habari njema mfululizo! Niandike haraka.

Kwanza, fundi amefungua. CD imetoka, nzima, na mkwaruzo wake. Iko kwenye bahasha, bahasha iko kwenye droo yangu, droo imefungwa. Isurugi alisogeza laptopu yake katikati ya meza na kusema dakika tano, Nebashi, tuwe na nakala ya wimbo tu, mwaka ujao tusihangaike. Nikamkumbusha kanuni ya kumi na nne. Alifunga laptopu kwa utulivu wa kutisha, akaenda kunywa chai ghorofa nyingine.

Pili, Bwana Urushibara ameandika maoni yake ya awali kuhusu kuthibitishwa kwangu. Fomu ina daraja tatu. Alinionyesha, kwa siri. Ya juu, akasema, ingeonekana kunipendelea. Ya chini ingekuwa ukatili baada ya watu kufurahi vile. Amezungushia ya kati. Ya kati! Nilisema ahsante, na safari hii nilimaanisha. Mchana nilijipongeza kwa mkunga kule karibu na stesheni. Mwanzi, kama kawaida.

Tatu, nimepewa kazi nyingine. Gari la mkuu lilitumika Jumatatu kama chombo cha muziki pasipo idhini, kwa hiyo inabidi liombewe idhini baada ya tukio, na idhini hiyo ndiyo itakayotumika Obon ya mwaka ujao. Ombi jipya, mihuri minane. Na jedwali, bila shaka. Magari angalau matatu.

Safari hii sikubahatisha. Gari la Bwana Urushibara nimeliweka juu kabisa, duara maradufu kila mstari. Chini nimeweka gari la zimamoto, ambalo haliwezi kuacha kituo chake. Katikati palibaki wazi, pakanisumbua saa nzima, hadi likapita barabarani, chini ya dirisha langu, likipiga ule muziki wake wa kila siku.

Gari la taka, lile linalopita likipiga muziki ili watu watoe taka zao. Nimelipa pembetatu mbili na duara moja, na harufu nimeiandika ukurasa wa saba. Nimepitia jedwali mara nne. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelichagua.